Kitambaa Ndani ya Landrova ya Shire

Mafundi wa Isiolo walikuwa wakimcheka Lodio Emuria kwa sababu ya vitambaa. Kabla ya kujilaza chini ya gari lolote alivihesabu kwa sauti, vinne au vitano, akavipanga juu ya sanduku la spana. Akimaliza kazi alivihesabu tena kabla ya kumruhusu mtu yeyote awashe injini. Kikikosekana kimoja, alirudi chini. Siku moja alifungua upya gearbox ya pikapu ya mwalimu fulani, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaketi kwenye usukani, kumbe kitambaa kilikuwa kimepeperushwa na upepo hadi kwenye ua wa jirani. "Huyu mzee anahesabu matambara kama mbuzi," walisema, naye alicheka pamoja nao. Hakuna aliyewahi kumuuliza alianza lini.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Baba yake, Mturkana, alifika Isiolo akichunga mifugo ya watu, na hakurudi tena alikotoka. Lodio alipomaliza shule ya msingi aliingia kwenye ua wa magari wa Shire kule Bulapesa, kazi yake kuosha vipuri kwa petroli. Shire alikuwa Msomali wa zile familia ambazo babu zao waliletwa na jeshi la mkoloni. Alikuwa na malori mawili na Landrova moja ndefu ya kijani, ya mwaka wa sabini na tisa. Ni Shire aliyempa Lodio spana zake za kwanza, na Lodio alipooa, ni lori la Shire lililobeba watu wa arusi. Baadaye Lodio alianza kazi yake mwenyewe nyumbani, Chechelesi, lakini magari ya Shire yaliendelea kuja kwake. Watu walimjua kuwa mtu wa kuaminika. Hata ufunguo wa kanisa ulikaa nyumbani kwake.

Shire alifariki. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ilipopita, mjane wake Safiyo akaja Chechelesi kwa miguu, asubuhi, jua likiwa bado halijakuwa kali.

"Habari ya hapa, Lodio?"

"Mzuri, Mama Faiza. Karibu kiti."

Safiyo hakuketi. Alisimama akiangalia magari mawili yaliyokuwa juu ya mawe. "Ile Landrova ya mzee iko tu pale nyumbani, kuku wanataga ndani. Nataka uifufue. Injini ya petroli sitaki tena, inakula sana. Tafuta ya dizeli uweke. Nataka niende nayo kwa ngamia zetu huko chini, na nikisikia inanguruma kwa geti nimkumbuke mwenyewe."

Lodio alijifuta mikono ingawa haikuwa na grisi. "Mama, ile gari imekaa sana. Na mimi siku hizi mgongo unanisumbua. Kuna vijana wazuri hapa mjini…"

"Vijana gani?" Safiyo alimkatiza. "Shire aliniambia akiwa kwa kitanda. Alisema hiyo gari isiguswe na mkono mwingine. 'Robow aliiua, Lodio ataifufua.' Hayo ndiyo maneno yake, wallahi. Sasa wewe unataka nipeleke kwa nani?"

Lodio aliangalia chini. Jina la Robow lilikuwa halijatajwa mbele yake kwa muda mrefu, na sasa lilikuwa limetajwa kwa sauti ya marehemu.

"Sawa, mama," alisema. "Nitakuja kuivuta."

*

Mambo yenyewe yalitokea mwaka wa elfu mbili na sita, siku ya Ijumaa. Landrova ilikuwa ikivuja oili kwenye sampu, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, na Shire alitaka kuondoka kwenda Garbatulla mara tu baada ya sala ya adhuhuri. Robow, dereva wake, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka safari nyingine na macho yake yalikuwa mekundu. Lodio alifungua sampu, akabadilisha gasketi, akabadilisha na chujio la oili. Ili mkono wake upate nafasi, alichomoa waya wa taa ya oili, ile taa ndogo nyekundu inayomwonya dereva kwamba oili haipandi. Akaufunga ncha kwa tepu usiguse chuma. Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza, ule wa Isiolo unaoingia hata kwenye meno. Alipangusa sampu ndani kwa kitambaa. Robow alipiga honi. Lodio akapandisha sampu, akafunga bolti moja baada ya nyingine, akamimina oili, injini ikawaka vizuri, na gari likaondoka.

Jioni alipokuwa akikusanya vifaa alikuta vitambaa vitatu. Asubuhi vilikuwa vinne. Vilikuwa vimechanwa kutoka kwenye leso kuukuu ya mkewe Akidor, ya manjano yenye maua mekundu. Alitafuta chini ya sanduku, akatafuta kwenye ua. Akajiambia upepo umekibeba.

Kesho yake habari zikafika kwamba injini ilinoki kwa kukosa oili ng'ambo ya Kulamawe. Ilikwama ghafla gari likiwa kwenye mwendo, likaenda upande na kuingia mtaroni. Shire alivunjika mfupa wa bega. Gari likavutwa na lori hadi Isiolo.

Siku ya Jumatatu Shire, mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliketi nje ya hoteli ya chai ambapo watu wa malori walikuwa wakikutana. Robow alisimama mbele yake. Watu kumi na tano au ishirini walikuwa wakisikiliza.

"Taa haikuwaka, mzee," Robow alisema. "Wallahi haikuwaka."

Shire aligeuza kichwa taratibu, kwa sababu ya bega. "Lodio. Taa ilikuwa inafanya kazi?"

Lodio aliukumbuka waya palepale. Aliukumbuka jinsi ulivyokuwa, na tepu nyeusi kwenye ncha. Aliangalia uso wa Shire aliyempa kazi na spana na lori la arusi.

"Ilikuwa inafanya," alisema.

Robow alimwangalia Lodio mara moja tu, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani. Shire akamwambia asimuone tena kwenye ua wake, kwamba dereva anayelala na roho za watu mkononi hafai hata kuendesha punda. Watu waliyasikia maneno hayo, wakayabeba hadi Merti na Modogashe.

Wiki iliyofuata Shire alimuuliza Lodio kama afungue injini ile aone ndani. "Hii imekufa, mzee," Lodio alijibu. "Usijisumbue nayo." Shire akaifunika Landrova kwa turubai na kununua gari jingine.

*

Safari hii Landrova ilivutwa na trekta hadi Chechelesi, kuku wawili wakiwa bado ndani. Lodio alichomelea mabomba ya maji kuwa fremu ya miguu minne na kuning'iniza cheni ya kuinulia injini juu yake. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alizimwagia dizeli siku tatu mfululizo kabla hazijakubali. Aling'oa boneti, akatoa rejeta, akaanza kuchomoa nyaya. Alipofika ubavuni pa injini mkono wake ulisimama.

Waya wa taa ya oili haukuwa umeunganishwa. Ulikuwa palepale, umejikunja nyuma ya chujio, na tepu yake nyeusi imekauka na kupasuka. Kwa hiyo Robow alikuwa amesema kweli. Taa isingeweza kuwaka.

Lodio alichukua koleo na kuukata waya ule, akautupa pamoja na nyaya nyingine. Aliendelea na kazi. Aliitoa injini, ikaning'inia kwenye cheni kama ng'ombe aliyechinjwa, akaishusha kwenye gogo na kuisukuma ukutani. Alipanga kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu bila kuifungua. Kwa nini aifungue? Injini mpya ilikuwa imeshapatikana, ya dizeli, kutoka lori dogo la Isuzu lililoanguka karibu na Nanyuki. Ya zamani haikuwa na kazi tena.

Lakini watu wa vyuma hawachukui injini yenye oili. Walimwambia aimwage kwanza. Basi asubuhi ya siku waliyotarajiwa aliweka karai chini, akafungua nati ya kumwagia. Matone mawili meusi yalitoka, kisha kukawa kukavu. Alichukua kipande cha waya akachokoa ndani ya tundu. Waya uliporudi ulikuwa na uzi umejisokota kwenye ncha.

Alikaa chini. Alikaa pale muda mrefu, mpaka watu wa vyuma wakafika na mkokoteni wao, naye akawaambia warudi wiki nyingine. Walipoondoka alichukua spana na kufungua bolti zote za sampu. Kitambaa kilikuwa kimenyonywa kwenye bomba la kupandisha oili, kimeziba chujio lake vizuri kabisa, kama kizibo cha chupa. Alikitoa kwa vidole viwili. Kilikuwa kigumu na cheusi. Alikiweka kwenye petroli, akakisugua, akabadilisha petroli, akakisugua tena. Katikati, pale kilipokuwa kimekunjamana, rangi ya manjano ikaanza kuonekana, na kona ya ua jekundu.

"Si hiyo ni leso yangu?"

Akidor alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji. Lodio hakumsikia akija.

"Ni yako," alisema.

"Ile ya mwaka tulioana. Nilikupa ya kupangusa." Aliweka ndoo chini. Aliangalia injini, akaangalia sampu iliyokuwa chini, akaangalia karai la petroli. Alikuwa ameishi na fundi miaka ya kutosha kujua kila kimoja ni nini. "Baba Apua. Hii ndiyo ilifanya gari ikufe?"

"Ndiyo."

"Na Robow?"

Lodio alijaribu kusema kwamba hakujua, kwamba ni leo tu amejua. Maneno yalifika mdomoni yakakosa nguvu. Badala yake akamweleza yote: vitambaa vitatu, waya, na lile neno moja alilolisema nje ya hoteli. Hakuwahi kumwambia mtu. Alipomaliza, Akidor alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu na mikono mapajani.

"Kila Jumapili mimi naketi karibu na wewe," alisema. "Naona unafunga macho unaomba. Mimi najua mume wangu anaombea watoto." Akakiangalia tena kitambaa. "Robow alikuja harusi yetu. Ndiye alikuwa anaendesha ile lori."

"Najua."

"Unajua," Akidor alirudia, akainuka, akachukua ndoo yake na kuingia ndani.

*

Kazi iliendelea kwa sababu Safiyo alikuwa akingoja. Lodio alipima, akakata, akachomelea. Injini ya Isuzu na gearbox ya Landrova havikutengenezwa vijuane, kwa hiyo kulihitajika bamba nene la chuma la kuviunganisha. Alilipeleka Meru kwa Kajuju, mama mmoja mwenye mashine ya kuchonga chuma, na mara ya kwanza matundu yalikosea kwa unene wa kucha. Alirudi tena. Alisogeza rejeta mbele, akatengeneza vikalio vipya vya injini kwenye chesisi, akafupisha propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zamani kazi kama hiyo ingemfanya aimbe. Sasa kila kitu kilipoingia mahali pake alisikia vibaya zaidi, kama mtu anayesifiwa kwa nguo za kuazima.

Siku injini ilipowaka, majirani walitoka nje. Moshi mweusi ulipanda, kisha ukawa mweupe, kisha ukaisha, na injini ikatulia ikipiga kwa mpigo mmoja. Watu wakapiga makofi. Safiyo aliletwa kwa bodaboda. Alizunguka gari mara mbili, akagusa mlango, akaficha uso kwa ncha ya shela yake.

"Mungu akuweke, Lodio," alisema. "Mikono yako ibarikiwe. Yule mwingine aliharibu, wewe ukatengeneza. Mzee alikujua."

"Mama Faiza, kuna jambo…"

"Ndiyo?"

Majirani walikuwa wamesimama pale, na mkewe Akidor alikuwa mlangoni. Alikuwa akimtazama.

"Breki," Lodio alisema. "Bado sijazijaribu kwa safari ndefu. Nipe siku moja niende nayo Garbatulla nirudi."

"Nenda nayo siku unataka," Safiyo alisema.

Akidor aliingia ndani.

*

Aliondoka alfajiri, kitambaa kikiwa kimekunjwa ndani ya gazeti kwenye kiti cha pembeni. Barabara ilikuwa ileile, ingawa sehemu zake zilikuwa zimetengenezwa. Mahali Landrova ilipoanguka, ng'ambo ya Kulamawe, hakupatambua.

Robow alikuwa kwenye soko la mifugo la Garbatulla. Kila mtu alimjua: ndiye aliyesimama langoni na kopo la rangi, akitia alama mbuzi waliouzwa ili wasichanganyike na wengine. Ndevu zake zilikuwa zimepakwa hina. Aliposikia injini alitazama, akaliona gari, akaacha kopo. Alikuja polepole, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Hii ni gari ya Shire," alisema.

"Ndiyo. Salaam aleikum, Robow."

"Aleikum salaam." Alikodoa macho. "Nani? Lodio?" Akacheka kwa mshangao, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Lodio wa Emuria! Uliiamsha! Nilisikia mzee amekufa, Mungu amrehemu. Injini gani hii umeweka? Ni ya dizeli, nasikia."

Mapokezi yale ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote. Lodio alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alimwomba waketi, wakaketi kwenye kivuli cha gari, migongo kwenye gurudumu la nyuma.

"Kwa nini uliacha kuendesha?" Lodio aliuliza. Alitaka kuanza na kitambaa, lakini swali hilo ndilo lililotoka. "Watu walikunyima kazi?"

"Wengine walininyima. Wengine hapana. Binamu yangu alinipa lori yake ya Moyale. Hata watu wa zahanati hapa walitaka niendeshe ambulensi." Robow aliokota kijiti akawa anakivunjavunja. "Nilikataa. Nitakuambia kitu sijaambia mtu, kwa sababu wewe ulikuwako. Niliapa mbele ya Shire kwamba taa haikuwaka. Lakini wewe ulisema inafanya kazi, na wewe huna sababu ya kudanganya. Nikafikiria sana. Nilikuwa nimetoka Moyale bila kulala. Nikajiambia, Robow, taa iliwaka na wewe ulikuwa umesinzia macho wazi. Nikajiogopa. Mtu anaweza kusinzia hivyo na asijue? Sasa nibebe wagonjwa? Nibebe watoto wa watu? Nikaona heri nitembee kwa miguu."

Miaka yote Lodio alikuwa akifikiri kwamba amemnyima mtu kazi, na hilo peke yake lilikuwa limemtosha. Hakujua kwamba Robow alikuwa amelimeza lile neno lake na kuliamini.

Alifungua gazeti. Akakiweka kitambaa kwenye goti la Robow.

"Taa haikuwaka," alisema. "Mimi niliacha waya nje. Na hiki nilikisahau ndani ya sampu, ndicho kiliziba oili. Hukusinzia, Robow. Ulikuwa unaendesha vizuri."

Robow alikishika kitambaa karibu na macho, akakigeuza. Mbuzi walilia upande wa pili wa ua.

"Ulijua lini?"

"Nilifungua injini miezi mitatu iliyopita."

"Na kabla?"

"Nilishuku."

"Tangu lini?"

Lodio aliangalia kitambaa. "Ya waya, nilijua ile Jumatatu, mzee akiniuliza. Kitambaa nilikishuku tangu Ijumaa yenyewe."

Robow alikikunja kitambaa, akakirudisha mikononi mwa Lodio. Aliinuka kwa shida, akashika gurudumu. Alirudi langoni, akachukua kopo lake, na akaendelea kutia alama mbuzi kana kwamba hakuna aliyekuja. Lodio alingoja. Jua lilizunguka, kivuli cha gari kikahamia upande mwingine, naye hakuhama. Wenye mbuzi walimtazama wakapita. Alitamani mtu amwambie aondoke.

Baada ya sala ya alasiri Robow alikuja akasimama mbele yake.

"Sina tusi la kukupa," alisema. "Nilikuwa natafuta, sijapata. Nenda umwambie Safiyo. Halafu nenda pale hoteli, mahali nilisimama, useme mbele ya watu."

"Nitasema."

"Walio hai bado. Wengine wamekufa wakijua mimi ni yule dereva alilala."

*

Safiyo alikuwa akipepeta mchele uani Lodio alipomwambia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta, kisha akaweka ungo chini na kunyoosha mkono. Lodio akampa ufunguo wa gari.

"Kwa hiyo Shire alimdhulumu mtu," alisema.

"Alidhulumu kwa sababu yangu, mama. Mimi ndiye…"

"Wewe ni wewe. Mimi nauliza ya Shire." Alikuwa hajapandisha sauti. "Dhambi yako na Mungu, Mungu anaweza kukusamehe. Ya mtu inangoja mwenyewe asamehe. Mume wangu ameenda kaburini na haki ya mtu mgongoni, na alikuwa anakuita mwanangu. Alikuita mwanangu, Lodio. Ungemwambia hata akiwa kwa kitanda, angetuma mtu Garbatulla siku hiyohiyo."

Hilo pia Lodio hakuwa amelifikiria: kwamba deni la uongo wake lingemfuata mtu mwingine hadi kaburini. Alisimama uani, kofia mkononi, mpaka Safiyo alipomwambia aende nyumbani.

Keshoye alikwenda kwenye hoteli ya chai. Wenye malori wa zamani walibaki wanne tu, wengine walikuwa vijana wenye simu mikononi. Alisimama akasema. Kijana mmoja alicheka akauliza mbona wanasumbuliwa na habari za kale. Mzee mmoja, aliyekuwako siku ile, alimwaga chai yake chini na kutoka. Wiki zilizofuata magari ya Bulapesa hayakuja Chechelesi. Mchungaji aliupokea ufunguo wa kanisa Lodio alipoupeleka mwenyewe, akamwambia si lazima, lakini hakumrudishia.

Safiyo alitafuta dereva wa kumpeleka Garbatulla. Alipita Chechelesi wakati wa kurudi, akasimama nje bila kuingia.

"Robow amemsamehe Shire," alimwambia Lodio kupitia dirisha la gari. "Dunia na akhera. Amesema mzee alidanganywa. Nimemwambia gari ni yake kuendesha akitaka, awe anakuja kwa ngamia na mimi."

"Na mimi, mama? Alisema nini?"

"Sikumuuliza. Hiyo ni yako."

Robow alikuja Isiolo mwezi uliofuata. Alifika Chechelesi na Landrova, mwanamume mwingine akiwa usukanini, akamwomba huyo ashuke, kisha akamwonyesha Lodio kiti cha pembeni. Robow mwenyewe akaketi kwenye usukani. Walitoka kwa njia ya vumbi inayokwenda Leparua, ambako hapakuwa na magari. Aliingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mikono yake ilikuwa bado inajua kila kitu. Klachi yake ilikuwa laini kuliko ya Lodio. Kwa dakika chache alikuwa anatabasamu.

Kisha akapunguza mwendo. "Ile mbele ni nini?" aliuliza. "Mbuzi ama jiwe?"

Alikuwa mama aliyebeba kuni. Lodio alimwambia.

Robow alisimamisha gari pembeni, akazima injini. "Macho yameisha," alisema. "Daktari alisema moja linaweza kupasuliwa likaona kidogo, lingine hapana. Miaka ile nilikuwa naona vizuri, nilikuwa natembea kwa miguu." Hakuyasema kwa hasira. Alishuka, akazunguka kwa kushika boneti, wakabadilishana viti. Mama wa kuni alipita akawasalimu, na wote wawili wakamwitikia.

Tangu hapo Lodio huenda Garbatulla kwa basi kila anapopata nafasi. Alimpeleka Robow kwa daktari wa macho, wakangoja pamoja siku nzima kwenye benchi. Robow humkaribisha, huagiza chai, huuliza habari za Akidor na za kanisa. Hajalitaja neno kusamehe, naye Lodio hajamuuliza. Wakimaliza chai Robow huenda langoni, na Lodio hukaa karibu naye, akimwambia mbuzi anayepita ni mweusi au ni wa mabaka.